Jibu: Nyimbo za vichekesho zinafundisha Kiingereza kweli?

Dada, umeuliza kama mdogo wako anayekariri nyimbo za kuchekesha za Kiingereza anapata maneno au anapoteza muda. Anapata, mwache.

Mimi shuleni nilikuwa nachanganya "kitchen" (jikoni) na "chicken" (kuku). Siku moja nikamwambia mwalimu kwa Kiingereza kwamba mama yangu yumo ndani ya kuku. Darasa zima likaangua kicheko. Kaka yangu akanitungia mstari kwa mahadhi ya ule wimbo wa siku ya kuzaliwa: "Chicken in the kitchen." Silabi sita, zinaingia sawasawa. Mpaka leo nikitaka kutamka moja kati ya hayo mawili, mstari huo unanipitia kichwani kwanza.

Kama anataka zilizorekodiwa, mtafutie Mmarekani "Weird Al" Yankovic. Mwaka 1984 aliichukua "Beat It" ya Michael Jackson akaigeuza "Eat It", wimbo wa kumhimiza mtu ale tu. Maneno ya chakula yamejaa humo. Ile "Word Crimes" ya 2014 ni tamu pia, ila inasahihisha sarufi, kwa hiyo asianze nayo.

Shida ni kasi. Asikilize ubeti mmoja, aandike alichosikia (atacheka mwenyewe), ndipo afungue mashairi alinganishe. Akizoea, atunge wake wa kuosha vyombo au kwenda sokoni, kwa mahadhi ya bongo fleva yoyote anayoipenda. Sufuria, ufagio, chenji, vyote viingie humo.