Jibu: keki ya machungwa ya Claudia Roden, mwandishi wa mapishi

Ndugu, umeuliza kwa nini keki yako ya machungwa na lozi inatoka chungu na mbichi katikati. Uchungu ni maganda hayajaiva: chemsha machungwa mawili mazima saa 2 hivi, mpaka kidole kizame chenyewe. Toa kokwa zote, ndipo usage. Piga mayai 6, tia machungwa hayo, lozi za kusaga gramu 250, sukari 250, beking pauda kijiko cha chai. Oveni nyuzi 190, saa 1. Katikati pakitikisika, rudisha. Ipoe kwenye trei, ukiitoa ya moto itavunjika.

Ni keki ya Wayahudi wa Kisefardi, yaani wenye asili ya Hispania na Ureno; haina unga wa ngano, kwa hiyo usiuongeze. Roden, mzaliwa wa Kairo, alianza kukusanya mapishi kwa Wayahudi waliohama Misri baada ya vita vya Suez, 1956.