Nyota katika Dari ya Gari: Kazi Kubwa Iko Nyuma ya Kitambaa

Wengi wanaotaka kutia nyota katika dari ya gari, yaani nukta za mwanga zinazoifanya ifanane na anga ya usiku, huanza kwa kuuliza taa ina rangi ngapi na kama inawashwa kwa simu. Mimi swali hilo huliweka mwisho, kwa kuwa uzuri wa dari hutegemea namna nyuzi zinazopeleka mwanga zilivyopangwa na kubandikwa upande usioonekana, na upande huo ukishafunikwa, kuufungua tena ni kazi ya kuchosha.

Mfumo wenyewe si mgumu. Taa ya LED iliyo ndani ya kisanduku cha volti 12 humulika ncha za mamia ya nyuzi za plastiki zilizofungwa pamoja, na kila uzi hupeleka mwanga mpaka kwenye tundu lake katika kitambaa. Uzi haubebi umeme. Waya zote huishia kwenye kisanduku.

Kinachostahili tahadhari kuliko yote ni mifuko ya hewa, ile inayowakinga abiria wakati wa ajali. Magari mengi ya sasa yana mifuko iliyokunjwa kandokando ya paa, juu ya milango, nayo hufumuka kwa kasi isiyompa mtu hata nafasi ya kupepesa jicho. Tenganisha betri, subiri kwa muda unaotajwa na mtengenezaji wa gari, kisha ndipo ufungue vifuniko vya nguzo, vizuia jua, mikono ya kushikilia na taa ya ndani. Uzi wowote usipite mbele ya mfuko wala usifungwe nao, na ikiwa hujui mfuko ulipo, mtafute fundi anayelijua gari hilo. Dari yenyewe itolewe na watu wawili, kupitia mlango mpana au buti, kwani ubao wake ukikunjika, alama haiondoki.

Ukishailaza dari kifudifudi, chora mgongoni mwake mahali pa taa, klipu na sehemu zinazogusa chuma cha paa, ili usipitishe nyuzi hapo. Kisha panga nyota. Mkono wa binadamu hupenda kuacha nafasi sawasawa bila mwenyewe kujua, na matokeo yake huwa safu za nukta zisizofanana na anga. Mimi huanza na nyuzi nene za milimita 1.5, chache na zilizotengana, nikafuatisha za milimita 1, halafu nikamalizia na nyingi za milimita 0.75, nikizisongamanisha mahali fulani kama Kilimia na kuacha kwingine karibu patupu. Pengo hilo tupu ndilo linaloipa anga kina, kwa hiyo usishawishike kulijaza.

Toboa kwa sindano nyembamba, pitisha uzi kutoka nyuma, na uache sentimita chache zikining'inia upande wa kitambaa. Katika gundi sina mzaha: gundi kali inayokauka papo hapo huweza kuufanya uzi uwe mkavu na kukatika, na gundi ya kuyeyushwa ikiwa ya moto mno huuharibu uzi. Chagua gundi angavu inayobaki laini baada ya kukauka, na uijaribu kwanza kwenye kipande cha uzi na cha kitambaa. Nyuzi zielekezwe kwa mipindo mipana, kwa maana uzi uliokunjwa kwa ghafla huvujisha mwanga njiani na nyota yake hufifia.

Ncha zinazoingia kwenye kisanduku zikatwe pamoja kwa wembe mkali, kisha zisuguliwe kwa msasa laini mpaka zing'ae. Hatua hii fupi huongeza mwanga unaoingia kwenye nyuzi. Kisanduku kiwekwe mahali panapofikika na penye hewa, na waya wake wa umeme upitie fyuzi yake yenyewe, karibu na chanzo cha umeme.

Rudisha dari, washa taa, kagua kila nyota, ndipo ukate masalio kwa kikata kucha, ukiacha kama milimita moja ili uzi usirudi ndani ya kitambaa. Nyota zilizo karibu na kioo cha mbele ziwe chache, na unapoendesha usiku punguza mwanga na uzime kumetameta, kwa sababu kile kinachowapendeza abiria wa nyuma huakisiwa kwenye kioo anachotazamia dereva.