Nguzo ya Kati Haigawiwi kwa Jicho

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mwaka wa pili, anasoma Iringa, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nina bimu moja imekaa juu ya nguzo tatu. Milinganyo ninayo miwili, visivyojulikana vitatu. Nguzo ya kati nimeipa nusu ya mzigo wote, nikakatwa maksi zote. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Ulipokosea wewe wamekosea na watu ambao michoro yao ina mihuri, kwa hiyo usijisikie vibaya sana. Tofauti ni kwamba wewe umekatwa maksi, wao wanalipwa.

Tuchukue namba nyepesi. Bimu ya mita 8, nguzo mbili pembeni na moja katikati, yaani spani mbili (nafasi kati ya nguzo na nguzo) za mita 4. Mzigo umeenea sawasawa, kilonyutoni 20 kwa kila mita, jumla 160. Anayegawa kwa jicho atasema pembeni 40, kati 80, pembeni 40. Jumla inatimia, momenti (nguvu ya kupinda na kuzungusha) zinasawazika, hakuna cha kumkamata. Ubaya wenyewe ndio huo. Milinganyo ya usawa inalikubali jibu hilo na inayakubali mengine yasiyo na idadi, kwa sababu haijui kwamba bimu inanepa.

Sasa iondoe nguzo ya kati kichwani mwako. Bimu ya mita 8, tuiite l, itanepa katikati kwa 5wl⁴/384EI; w ni mzigo wa kila mita, E ni ugumu wa zege, I inatokana na umbo la mkato wa bimu. Halafu irudishe nguzo kama nguvu R inayosukuma kutoka chini: itapainua hapo katikati kwa Rl³/48EI. Nguzo ipo na haijatitia, kwa hiyo kushuka na kupanda lazima vilingane. EI inakatika pande zote mbili, na R inabaki 5/8 ya mzigo wote. Ni kilonyutoni 100. Pembeni wanabaki na 30 kila mmoja. Nguzo ya kati imebeba robo nzima zaidi ya uliyoiandikia. Juu yake pia kuna momenti ya kilonyutoni-mita 40 inayovuta zege upande wa juu, mahali ambapo hesabu ya jicho inaonyesha sifuri. Hapo nondo za juu hazina mjadala.

Hili nina nalo uchungu, wacha niseme.

Nilipokuwa mhandisi mhitimu, ninajifunza kazi kwenye ofisi moja hapa Mbeya ambayo sitaitaja, tulikuwa na ghorofa la mtu binafsi upande wa Uyole. Bimu ya sebuleni ilikuwa hiyo hiyo ya spani mbili. Mchoro uliipa nguzo ya kati mzigo wa "eneo lake", yaani ule ule wa kugawa kwa jicho, msingi wake ukapimwa kwa namba hiyo, na juu ya nguzo palichorwa nondo mbili za milimita 10, za kushikia ringi (pete za chuma zinazozunguka nondo) tu. Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya oda ya nondo, nikampelekea bosi pale pale saiti. Hakuisoma hata mstari mmoja. Alisema mbele ya mafundi, "Wewe bado unanuka chaki. Faktori ya usalama itameza hiyo." Mafundi wakacheka. Fundi mkuu peke yake hakucheka. Baadaye alinifuata kwenye mashine ya zege akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo mhandisi, hapa juu unataka tuongeze ngapi?"

Mwenye nyumba, mtu makini, alimleta mhandisi mwingine aangalie michoro kabla hatujamwaga. Michoro ikarudi na nondo za milimita 16 juu ya nguzo ya kati na msingi uliopanuliwa. Kwenye kikao cha saiti bosi akamweleza mwenye nyumba kwamba hilo alikuwa ameliona mapema. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika futi. Watu huniambia hayo yameisha. Yameisha kwao.

Lakini tumtendee haki kwa hoja yake moja: faktori ya usalama, ile nguvu ya ziada inayoachwa kwenye hesabu, ipo kweli, na mara nyingi imewaokoa watu. Ila imewekwa kwa ajili ya zege lililozidishiwa maji, na kwa mwenye nyumba atakayepandisha tangi juu ya dari bila kumwambia mtu. Ukishaila wewe mezani kwa uvivu wa kuhesabu, fundi akija kukosea hakuna iliyobaki.

Na uvivu wenyewe hauna sababu. Mhandisi Clapeyron wa Ufaransa alitoa kanuni ya momenti tatu, ya bimu kama hizi, mwaka 1857. Hardy Cross, Mmarekani, akachapisha mwaka 1930 njia ya kugawa momenti kwa duru, unaifanya kwa penseli mpaka masalio yanakwisha. Hao hawakuwa na laptopu. Ninyi mnazo, mnachora bimu kwenye programu, zinatoka rangi nzuri, mnachapisha. Ukimuuliza mtu kwa nini kati ni 100, anakuonyesha skrini. Jamani! Piga kwa mkono kwanza, hata spani mbili tu, ndipo ufungue programu. Wengi mnataka kufungua ofisi zenu, nami nawaombea. Basi mjue mteja hatakuuliza rangi, atakuuliza ufa umetoka wapi.

Kingine ambacho mwalimu wako huenda hajafika: ile 100 inasimama iwapo nguzo ya kati haijatitia. Chukua bimu ya zege ya milimita 230 kwa 450, E ya GPa (gigapaskali) 25, na nguzo ya kati ishuke milimita 10 tu. Kwenye karatasi, zege likiwa bado halijapasuka, nguzo ya kati inaangukia kama 59 na pembeni zinapanda hadi 50 na kidogo. Momenti ya juu ya nguzo inageuka upande: ile 40 ya kuvuta juu inakuwa kama 42 ya kuvuta chini. Kwenye jengo halisi nyufa na muda vitaipunguza hiyo namba, lakini ufa utauona. Ndiyo maana mashimo ya msingi yakinyeshewa na mvua za Machi, mimi simwagi zege mpaka tope lote litolewe, hata fundi aninunie. Na wananuna kweli.

Fanya hili leo, usisubiri wikiendi. Mzigo ule ule wa 20, ila spani moja mita 4 na nyingine mita 3. Momenti juu ya nguzo ya kati ni w(L₁³ + L₂³) ukigawa kwa 8(L₁ + L₂), ambapo L₁ na L₂ ni urefu wa spani hizo, inatoka 32.5. Kila nguzo ya pembeni inapata nusu ya mzigo wa spani yake, ukitoa momenti hiyo iliyogawanywa kwa urefu wa spani. Utapata 31.9 upande mrefu, 19.2 upande mfupi, na kati 89 pungufu kidogo. Namba zako zikikataa, angalia kwanza kama jumla ni 140. Kama jumla ni 140 na bado hatufanani, nipigie picha daftari unitumie, ukurasa wote, siyo jibu peke yake.