Kabla hujamvisha kanga mama wa mtu

Wewe unayeanza kupokea oda za picha za watu, ngoja nikupe kisa kilichonigharimu wiki mbili za kazi ya bure. Dada mmoja aliniletea picha ya pasipoti ya marehemu mama yake. Alitaka ichorwe kwa rangi za akriliki, kubwa, itundikwe sebuleni siku ya arobaini. Uso niliupata vizuri. Lakini pasipoti inaishia mabegani, basi nikamvisha mama kanga niliyoibuni mwenyewe: pindo, mji, hadi jina, maana kanga bila jina ni kitambaa tu. Nikaandika "Hasidi hana sababu" kwa kuwa ndilo lililonijia.

Shangazi mtu, ambaye yeye na wifi yake marehemu hawakuwa wakisemezana, aliingia sebuleni, akasoma, akageuka akatoka. Pilau hakuigusa. Usiku mteja akanipigia. Hakugomba. "Kaka, mama hakuwa mtu wa mafumbo."

Tangu hapo sishiki brashi kabla sijakaa na mteja tukaongea. Alikuwa akicheka kwa meno au kwa macho? Ana mwanya? Kilemba alifungaje? Nguo gani akivaa mnajua leo kuna safari? Halafu swali ambalo wengi hulisahau: nani mwingine ataiona? Anayelipa ni mmoja, lakini picha inakaguliwa na ukoo mzima, na kila mmoja ana mama wake kichwani.

Omba picha tano, hata ziwe mbovu. Moja itakupa macho, nyingine namna anavyoinamisha shingo. WhatsApp huzibana picha zikapoteza mikunjo ya ngozi, kwa hiyo mwambie azitume kama dokumenti. Selfi zina uongo wake: simu ikiwa karibu na uso, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Ukinakili kama ilivyo, utaambiwa umemwonea mtu. Na flashi huipausha ngozi, basi uliza alikuwa mweusi wa namna gani. Utajibiwa "maji ya kunde" na watu ambao kila mmoja ana kunde zake. Wape kadi yenye rangi nne ulizochanganya, waoneshe kwa kidole.

Kwenye ngozi hiyo, nyeusi ya tyubu iache. Inaua uso. Kivuli changanya kahawia iliyokolea na bluu ya ultramarini, utaona kinavyopumua. Mtu mweusi akisimama nje, paji lake hubeba bluu ya anga, na chini ya kidevu hupanda wekundu wa udongo anaoukanyaga. Mimi hili nilichelewa kuliona kwa sababu nilikuwa nachora "kahawia" badala ya kuchora mtu.

Hela: nusu mkononi ndipo uanze, nusu siku ya kuchukua. Bei iende kwa ukubwa na idadi ya vichwa, na mikono nayo uihesabu (mikono inanitesa kuliko nyuso). Mabadiliko ni bure kwenye rasimu ya penseli. Rangi ikishaingia, yanalipiwa. Yaandike. Nilidhani wateja wataudhika, kumbe wao ndio huwa wa kwanza kuuliza.

Mtu akitaka rangi za mafuta kwa harusi ya wiki ijayo, mkatalie. Juu itaonekana kavu na ndani ni mbichi, na vanishi inaweza kusubiri miezi. Akriliki nayo, kwa joto la Dar, hukauka kwenye sahani kabla hujaitumia. Weka chupa ya kunyunyizia maji karibu.

Yule dada alirudi na kanga ya mama yake mwenyewe ndani ya mfuko, bado inanukia udi. Ilikuwa imefuliwa mpaka jina halisomeki. Nikaichora hivyo hivyo, herufi zikiwa vivuli tu.