Kabla hamjapakia mahindi kwenye Fuso

Mbukwa wadau.

Mleta uzi anasema ofisini kwao Dar wamechangishana milioni nne, wanataka wanunue mahindi wawaletee wafugaji wa huku Chamwino na Bahi, mkoani Dodoma, maana mvua za msimu uliopita zilikata mapema. Mkuu, Mungu awabariki, ila nisikilizeni kabla hela haijatoka. Mimi ni wa Bahi. Ukame wa 2005/06 uliikuta boma yetu na ng'ombe 34, ukaiacha na 9.

Huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, milimita 500 na kitu kwa mwaka. Zikikosekana, lambo halijai, nyasi hakuna, ng'ombe wanakonda, na kila mtu anaswaga wake mnadani kwa wakati mmoja. Bei ya ng'ombe inaporomoka huku gunia la mahindi linapaa. Juni ile baba alikataa magunia sita kwa dume mmoja. Januari tulimpeleka dume yuleyule mnadani, tukarudi na gunia moja na nusu na kilo mbili za sukari. Njia nzima baba hakusema neno.

Kwa hiyo mahindi sokoni yalikuwepo. Ng'ombe wetu ndiye alikuwa hanunuliki. Bibi yangu alikuwa akisimulia Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo ya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1917. Jeshi la Wajerumani, kisha la Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua nazo zikagoma. Bibi kila mara alianza na ng'ombe walioondoka, mvua ilikuja baadaye kwenye hadithi.

Msaada ulitufikia, sikatai. Ulitufikia Machi, nyasi zimeshaanza kuchipua na mizoga imeshakauka. Kila kaya debe moja la mahindi. Mama akauza kisado kimoja ili apate hela ya mashine, maana mahindi hayajisagi. Jirani yetu, mzee wa Kibarabaig, alikuwa amebakiwa na majike wawili waliokuwa wanainuliwa kwa mkia kila asubuhi. Akaona bora awaokoe hao, akawamwagia mgao wake wote. Usiku wakavimba ubavu wa kushoto, ukiupiga unalia kama ngoma. Mmoja alikufa alfajiri, mwenzake mchana. Tumbo lililozoea mabua ukilijaza nafaka ghafla linachachuka. Waliogawa walikuwa na fomu za kusaini na kamera, ila hilo hawakutuambia.

Sasa milioni nne. Msijaribu wilaya nzima, chukueni kitongoji kimoja. Kaeni na mwenyekiti na afisa mifugo, kila kaya ichague majike wawili wenye mimba au wanaonyonyesha. Hao ndio mbegu, na ndio maziwa ya watoto. Wanunulieni marobota ya nyasi na mashudu ya alizeti, hapa Dodoma na Singida mashudu yapo. Mashudu yaanze kidogokidogo, nyasi zitangulie. Na maji msiyasahau: ng'ombe mmoja mkubwa anataka lita 30 au 40 kwa siku, yaani madumu mawili, na kisima kikiwa mbali anayabeba mama.

Hela ikibaki, nunueni wale ambao hawatafika Januari, mapema, wakiwa bado na nyama mwilini. Afisa akague, wachinjwe, nyama igawiwe palepale kwa kaya zisizo na mifugo. Mfugaji anapata hela ya unga, na malisho kidogo yaliyopo yanabaki kwa wale majike. Wazee wengine watakataa kuuza, hata baba yangu angekataa. Msigombane nao. Waulizeni tu mwaka ule walizika ng'ombe wangapi.

Sasa hivi ni Oktoba, muda mnao. Mleta uzi, taja kijiji mnacholenga nikuunganishe na kijana wa huko. Na kama wenzako hawatakubali mpaka Februari ifike, basi leteni hayo mahindi, ila yawe yamesagwa.