Jibu: Kwa nini nyumba yetu ilichaguliwa, na je, ni salama kujibu?

Dada, umeuliza kwa nini mdadisi wa utafiti wa matumizi ya kaya aliwaruka majirani wote hapo mtaani Kaptembwo, Nakuru, akabisha kwako pekee, na kama majibu kuhusu matumizi ya nyumbani yanaweza kufika kwa watoza ushuru.

Katika utafiti wa aina hii, tofauti na sensa, maeneo huchaguliwa kwanza, kaya zilizomo zikaorodheshwa, kisha chache zikateuliwa kwa bahati nasibu; ndiyo sababu jirani aliye tayari kabisa kuhojiwa hawezi tu kuchukua nafasi yako. Kaya, kwa hesabu ya watafiti, ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, kwa hiyo mpangaji wa ploti yenu anayejipikia ni kaya nyingine.

Kuhusu siri, Sheria ya Takwimu ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kufichua taarifa za mtu binafsi, na matokeo hutolewa kwa jumla. Hata hivyo, dai kuona kitambulisho cha kazi, na umuulize chifu au mzee wa mtaa kama ana habari. Anayekuomba nambari ya siri ya M-Pesa au ada ya usajili si mdadisi, mfukuze.

Maswali ya chakula ndiyo yanayochosha, kwa kuwa huulizwa hata unga na sukuma mliyoletewa kutoka shambani bila kulipa. Mwombe mpikaji wenu awepo. Baba wa familia, kwa heshima zote, mara nyingi hukisia tu.