Mhudumu wa ndege, awe dada au kaka

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni kama bado inafaa kumwita mwanamke anayefanya kazi kabini mwa ndege "air hostess". Si tusi, na mtaani litaendelea kusikika. Ila ni jina la kazi ambayo haipo tena, na ukiliandika kwenye barua ya maombi utaonekana umechelewa.

Kazi yenyewe ilianza na wanaume: Mjerumani Heinrich Kubis alihudumia abiria wa zepelini, chombo kikubwa cha angani kinachoelea kwa gesi, kuanzia 1912. Wanawake waliingia Mei 1930, Ellen Church aliporuka na Boeing Air Transport kwenda Chicago. Church alikuwa nesi aliyejua pia kurusha ndege. Urubani alinyimwa, ndipo akapendekeza manesi wawekwe kabini ili abiria waoga watulie. Masharti yalikuwa makali: asiwe ameolewa, asizidi miaka 25, wala uzito wa ratili 115, yaani kama kilo 52. Jina la kike lilibeba masharti hayo yote, na kwa miaka mingi aliyeolewa aliachishwa kazi.

Kilichovunja mambo ni Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya 1964, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia kazini. Celio Diaz, mwanamume aliyekataliwa kazi hiyo, aliishtaki Pan American, shirika la ndege la Marekani. Kampuni ikajitetea kwamba abiria hupenda kuhudumiwa na wanawake. Mwaka 1971 mahakama ya rufani ilisema kazi ya msingi ya shirika la ndege ni kusafirisha watu kwa usalama, na upendeleo wa abiria hauwezi kuhalalisha ubaguzi.

Hapo ndipo penye uzito. Idadi ya wahudumu haipangwi kwa wingi wa vikombe vya chai. Kwa kanuni za Marekani, ndege ya abiria yenye viti 76 inahitaji wahudumu wawili, ya viti 189 wanne. Kila viti 50 vinavyoongezeka, au sehemu yake, huongeza mmoja. Mmoja akiugua na wa akiba hayupo, idadi ikapungua chini ya hapo, abiria hawaondoki. Na ndege kubwa haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki.

Tazama mlango tu. Kabla ya kuondoka, mtelezo wa dharura huunganishwa na sakafu, kwenye ndege nyingine kwa kushikiza chuma chake kwa mkono, kisha wahudumu hukaguana. Baada ya kutua, hatua hiyo hurudishwa nyuma. Mhudumu aliyechoka akiisahau na kufungua mlango, mtelezo hufyatuka na kujaa hewa kwa sekunde chache. Aliye nje anaweza kuumia vibaya, na safari inayofuata inakwama. Pawabenki ikishika moto, ni yeye anayezima miali kwa kizimamoto, kisha anamwagia betri maji ipoe. Barafu haifai, maana huzuia joto lisitoke.

Kwa Kiswahili, basi, andika "mhudumu wa ndege". Usiache "wa ndege", kwani mhudumu peke yake ni wa hotelini, na hata likikamilika neno hili bado linaegemea sahani kuliko mlango wa dharura. Barua ya maombi ya Kiingereza iandike "cabin crew". Ongeza "wa kike" pale tu jinsia inapohusika, mfano abiria mjamzito akiomba asaidiwe na mwanamke. "Hostess" libaki kwenye habari za zama zile.

Ndani ya ndege, "samahani dada" au "samahani kaka" inatosha. Kupiga vidole ni utovu wa adabu kwa jinsia zote. Ukiwa na lalamiko, mwombe pasa, yaani kiongozi wa wahudumu. Usidhani ni yule mwanamume kwa kuwa ni mwanamume.